Milango sita ya chuma: hesabu ya tovuti kwa biashara ndogo ya Lubumbashi

Mwenye biashara akituita kuzungumzia tovuti, kitu cha kwanza anachouliza ni bei. Sisi tunamuuliza mteja mmoja anamwachia faida kiasi gani, na mara nyingi maongezi yanaishia hapo, bila yeye kutoa hata dola moja.

Hesabu yenyewe ni fupi. Jina la tovuti la .com linapatikana kwa dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Nafasi kwenye seva inayobeba tovuti nyingi kwa pamoja ni kati ya dola 30 na 100 kwa mwaka, kutegemea unaponunua. Kazi ya fundi wa tovuti ndiyo inayopanda na kushuka sana. Tuchukue mfano wa dola 400 kwa kurasa tano. Ukiweka jina dola 15 na seva dola 60, mwaka wa kwanza unakula dola 475. Kila mwaka unaofuata ni dola 75, pamoja na muda wa mtu wa kuitunza.

Sasa weka biashara tatu za hapa mbele ya hizo dola 475. Fundi wa kuchomelea wa komini (wilaya ya mji) ya Katuba, anayebakiza dola 80 kwa kila mlango wa chuma, anahitaji milango sita ambayo bila tovuti isingekuja. Nyumba ya wageni inayobakiza dola 25 kwa usiku inahitaji usiku 19 wa chumba kimoja. Kijana wa kava za simu katika komini ya Kenya, anayebakiza nusu dola kwa kava, anahitaji kuuza kava 950 za ziada. Huyo wa tatu tunamwambia abaki na makuta yake aongeze mzigo.

Ugumu uko kwenye yale maneno "ambayo bila tovuti isingekuja". Mteja anayepita barabarani, akaona milango imeegemezwa ukutani, akaingia, akapima kwa mkono na kuanza kubishana bei, huyo tayari umempata kwa njia ya zamani na tovuti haitamwongeza. Tovuti inafanya kazi kwa mtu anayelazimika kukuamini kabla hajakuona. Hapa mjini watu wa namna hiyo wapo wa aina chache, na inafaa kuwataja, maana ndio wanaoamua kama pesa yako itarudi.

Kuna Mkongomani aliye Johannesburg au Brussels anayejenga nyumba huku. Anatuma pesa kwa ndugu, na ndugu anamletea devi (makadirio ya bei) mbili zilizoandikwa kwa kalamu. Anataka kuona mlango huo unafananaje, nani kautengeneza, na kama atelye, yaani karakana, ipo kweli.

Kuna ofisi ya manunuzi ya kampuni ya madini, ya hapa au ya Kolwezi, kilomita kama 300 kwa barabara. Mnunuzi anapokea proforma (ankara za bei kabla ya oda) tatu kwa barua pepe. Hana muda wa kuja Katuba. Anaandika jina la biashara kwenye Google, na kinachotokea, au kisichotokea, kinaweka karatasi yako juu au chini ya lundo. Tangu sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, kazi za sous-traitance, yaani zile kampuni kubwa inazowapa wengine wazifanye, zimewekwa kwa ajili ya kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani, kwa hiyo biashara ndogo nyingi za Lubumbashi zinakimbilia oda zile zile: nguo za kazi, chakula, usafi, usafirishaji, vipuri. Tahadhari moja: tovuti haichukui nafasi ya kusajiliwa ARSP, mamlaka inayosimamia sous-traitance. Tumekutana na wenye tovuti nzuri wasio na karatasi hata moja, na wote walikwama mlangoni.

Halafu kuna msafiri. Anatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, au anashuka uwanja wa ndege wa Luano, na anataka kujua atalala wapi kabla giza halijaingia. Nyumba ya wageni inaweza kumpata kupitia majukwaa makubwa ya kuhifadhi vyumba, ambayo kwa kawaida yanakata karibu asilimia 15. Kwa chumba cha dola 40, hizo ni dola 6 kila usiku. Yaache majukwaa yakuletee mgeni mara ya kwanza. Tovuti yako impokee mara ya pili, kwa kadi unayompa anapolipa fakture.

Mafundi wa malakiti na wa picha za shaba wanauliza sana juu ya tovuti, na hapa sisi wenyewe hatukubaliani. Bidhaa inapendwa na wageni, picha zinavutia, lakini kipande kimoja ni kizito na kinavunjika, na mnunuzi wa mbali ataanza kwa kuuliza kitafikaje. Kama huna jibu la usafirishaji lenye bei kwa kilo, tovuti itakuletea pongezi nyingi na oda chache.

Waliobaki, yaani nganda (baa), mgahawa wa bukari (ugali), saluni, duka la dawa, depo ya simenti, fotokopi, hawahitaji tovuti mwaka huu. Wanahitaji vitu viwili vya bure, tena vilivyowekwa vizuri.

Ramani na WhatsApp kwanza

Cha kwanza ni kuonekana kwenye ramani ya Google. Jina liwe lile lile la kwenye kibao. Ukiongeza "bei nafuu Lubumbashi" nyuma ya jina, wasifu unaweza kufungiwa. Alama ya mahali iweke ukiwa umesimama mlangoni, usiikadirie ukiwa nyumbani, maana nyumba nyingi zina namba mbili au hazina kabisa. Andika avenue, namba na komini, kisha alama ambayo dereva wa taksi anaijua: kanisa, shule, kituo cha mafuta. Piga picha ya mbele ya duka mchana, kibao kikisomeka.

Uthibitisho siku hizi mara nyingi unatakiwa kwa video. Video ni moja, bila kukatwa: barabara na majengo ya jirani, kibao, kisha ndani, na mwisho kitu kinachoonyesha kwamba wewe ndiye mwenye mahali, kama kufungua kufuli au kuingia nyuma ya kaunta. Wengi wanakataliwa kwa sababu walirekodi ndani tu. Fanya hivyo ukiwa na mega za kutosha na mtandao umetulia. Video ikikatikia njiani unaanza upya. Na akaunti ya Gmail inayotumika iwe ya mwenye biashara. Mfanyakazi akiondoka na Gmail yake, ramani inaondoka naye, na kuirudisha ni barua na kungoja.

Cha pili ni WhatsApp Business. Katalogi yake inabeba hadi bidhaa 500, na hiyo inatosha kwa karibu kila duka dogo. Weka saa za kazi, majibu ya haraka, na lebo za kutenganisha aliyeuliza, aliyelipa arbuni na anayesubiri mzigo. Kiungo cha kuanzisha mazungumzo kinaandikwa wa.me/243 na kufuatiwa na tarakimu tisa za namba yako. Sifuri ya mwanzo inaondoka na alama ya kujumlisha haiwekwi. Ni kosa dogo linaloua viungo vingi: sifuri inabakizwa, mteja anabonyeza, anaambiwa namba haipo. Orodha ya kutuma matangazo inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, kwa hiyo mwombe mteja aihifadhi pale pale kaunta. Washa pia ile namba ya siri ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili. Simu zinaibiwa, na mwizi mwenye WhatsApp ya biashara anaomba arbuni kwa wateja wako kwa jina lako.

Udhaifu wa vitu hivi viwili ni kwamba si vyako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Google nayo ilikuwa inatoa kurasa ndogo za bure kwa walio kwenye ramani, ikazifunga Machi 2024. Waliokuwa wamechapisha anwani hizo kwenye kadi walibaki na kadi. Tena hapa kwetu intaneti yenyewe iliwahi kukatwa: kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, wakati wa uchaguzi, kwa karibu siku 20. Wakati wa kukatwa vile, tovuti iliyo kwenye seva ya nje inaendelea kufunguka kwa mtu wa Ndola au wa Dubai, lakini wewe uliye hapa huwezi kumjibu kwa mtandao. Ndiyo maana namba ya kupiga sauti na kutuma SMS lazima iandikwe kwa maandishi yanayoweza kunakiliwa. Ikiwa ndani ya picha, simu haiitambui na mtu hawezi kuibonyeza.

Hesabu ikikubali

Sehemu inayoharibika zaidi ni umiliki, na ubaya wake ni kwamba haionekani mpaka siku ya tatizo. Kulipia jina la tovuti kunataka kadi ya Visa au Mastercard yenye dola. Mwenye biashara mara nyingi hana, fundi anayo, basi fundi anafungua akaunti kwa barua pepe yake, analipa, na jina linakuwa lake. Miaka miwili baadaye fundi yuko Kinshasa au Ulaya, namba yake haipatikani, na jina linaisha. Dawa ni rahisi: akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya mwenye biashara na kwa jina lililo kwenye RCCM (rejista ya biashara), kadi ya fundi itumike kulipia tu, naye arudishiwe taslimu.

Baada ya kununua, barua ya kuthibitisha anwani yako inakuja. Una siku 15 za kubonyeza kiungo chake. Ukiiacha, jina linasimamishwa na tovuti inazimika ingawa umelipa. Jina jipya haliwezi kuhamishiwa kwa muuzaji mwingine kwa siku 60 za mwanzo, kwa hiyo chagua muuzaji vizuri. Jina la .com likipita tarehe yake, wauzaji wengi wanakuvumilia siku chache au wiki chache, si zaidi ya siku 45. Baada ya hapo kuna siku 30 ambazo unaweza kulikomboa kwa ada inayopita mara kadhaa bei ya mwaka, kisha siku 5 za kufutwa, na baadaye yeyote analichukua. Lipia miaka mitatu mara moja ukiweza. Jina la .cd, yaani la Kongo, linapendeza kwa biashara ya nyumbani, ila mara nyingi ni ghali kuliko .com, tunalishauri kwa anayeshughulika na ofisi za serikali, wengine tunawaacha wachague.

Makubaliano na fundi yaandikwe nusu ukurasa. Akaunti ya jina, akaunti ya seva, nenosiri la msimamizi wa tovuti, nakala kamili ya tovuti kwenye flashi. Nusu ya malipo mwanzoni, nusu iliyobaki siku ya kukabidhiwa. Na siku hiyo usipokee karatasi ya manenosiri ukaikunja mfukoni: kaa, ingia mwenyewe kwenye kila akaunti, badilisha nenosiri mbele yake, kisha mlipe. Fundi mwaminifu hakasiriki.

Kwa mwenye kutafuta kazi za madini, barua pepe ya jina lako mwenyewe ina uzito kuliko kurasa zote tano. Lakini ikiwekwa vibaya ni mbaya kuliko Gmail ya kawaida, kwa sababu proforma yako itaangukia kwenye barua taka na hutajua. Tangu Februari 2024 Gmail inadai watumaji wajitambulishe kwa rekodi za SPF au DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli; weka zote mbili kwenye mipangilio ya jina lako. Kuzijaribu ni kazi ya dakika tano: tuma barua kwenye Gmail ya rafiki, ifungue kwenye kompyuta, chagua kuona ujumbe wa asili, na utafute neno PASS mbele ya SPF na mbele ya DKIM. Likikosekana, mwite fundi kabla hujatuma tenda yoyote.

Uzito wa kurasa ndio unaowagharimu wateja. Picha ya simu ya kisasa ina mega 3 hadi 5. Weka kumi bila kuzipunguza na mteja anapoteza hadi mega 50 kabla hajasoma bei, naye mega hizo kazinunua kwa pesa yake. Punguza kila picha iwe na upana wa pikseli 1200, ubora wa asilimia 75, katika JPEG au WebP. Inashuka hadi kati ya kilobaiti 100 na 200 na jicho halioni tofauti kwenye simu. Ukurasa mzima usipite mega 1. Video inayojichezesha juu ya ukurasa wa kwanza itoe, hata kama patron anaipenda. Jaribu tovuti kwa Android ya zamani, mbali na katikati ya mji ambako mtandao unashuka hadi 3G, na uhesabu sekunde kwa sauti. Ikipita nane mteja ameshafunga.

Jambo lingine ambalo mafundi wa nje hawalijui: watu wengi wananunua vifurushi vya mitandao ya kijamii peke yake. Kifurushi hicho kinafungua WhatsApp na Facebook, lakini kiungo cha tovuti yako hakifunguki, au kinakula salio. Kwa hiyo mteja akiuliza bei kwenye WhatsApp, usimjibu kwa kiungo. Mwandikie bei, mtumie picha, kisha weka kiungo chini kwa anayetaka kuona zaidi.

Ndani ya tovuti andika kile mnunuzi anachokitafuta, kwa vipimo. "Tunatengeneza milango bora na imara" haimsaidii mtu. Andika: mlango wa mita 2.10 kwa 0.90, bati la milimita 2 pande zote mbili, bawaba tatu, kufuli ya pointi tatu, rangi ya kuzuia kutu mikono miwili. Anayejua atapiga hesabu mwenyewe: bati la milimita 2 la ukubwa huo lina karibu kilo 30 upande mmoja, basi mlango unafika karibu kilo 60 kabla ya fremu, na kuupeleka Likasi au Kolwezi ni gari na watu wawili wa kubeba. Taja basi na bei ya kupeleka. Kuhusu bei ya mlango wenyewe, wenye biashara wengi wanakataa kuionyesha kwa sababu chuma hupanda ghafla mpaka wa nchi unapofungwa. Tunawaambia waandike "kuanzia" na mwezi wake. Bei ya zamani yenye tarehe inaeleweka. Ukurasa usio na bei kabisa unamfanya mteja adhani utamkadiria kwa kuangalia gari lake.

Picha ziwe za kazi yako. Picha iliyochukuliwa mtandaoni inatambulika kwa dakika moja na mnunuzi anayejua kutafuta kwa picha, na akishagundua moja hataamini zilizobaki. Piga asubuhi au alasiri, fagia uwanja, ondoa ndoo na nyaya, na msimamishe mtu kando ya mlango ili ukubwa uonekane. Chini ya picha andika komini na mwaka, bila jina la mteja. Weka pia namba za RCCM, za Id. Nat. (kitambulisho cha taifa cha biashara) na za kodi mahali panapoonekana. Kwa ofisi ya manunuzi huo ndio ukurasa wa kwanza hasa.

Lugha: Kifaransa kwa ofisi, Kiswahili kwa wa nyumbani, na ukurasa mmoja wa Kiingereza kama unapokea madereva na kampuni za kutoka kusini. Usitegemee tafsiri ya mashine kwa majina ya vipuri.

Malipo ya moja kwa moja kwenye tovuti tunayapendekeza mara chache sana. Kuunganisha M-Pesa, Airtel Money na Orange Money kunapitia wakala anayetaka karatasi zako za biashara na akaunti ya benki, na anakata asilimia kwa kila malipo. Kwa oda chache kwa mwezi, namba ya kupokelea pesa iliyo kwa jina la biashara inatosha. Sharti ni moja: usikubali picha ya SMS ya malipo. Angalia salio kwenye simu yako mwenyewe, ndipo utoe mzigo. SMS za uongo zinatengenezwa vizuri kuliko za kweli.

Fomu ya mawasiliano nayo tunaiondoa karibu kila mara. Inaleta roboti, barua zake hupotea, na inakusanya majina na namba za watu ambazo baadaye unawajibika nazo. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Code du numérique, inayogusa biashara ya mtandaoni na data za watu. Kitufe cha WhatsApp na namba ya kupiga vinatosha.

Kuitunza, na kujua kama imelipa

Kuran (umeme) ya SNEL, shirika la umeme, ikikatika tovuti haizimiki, kwa kuwa seva iko mbali. Kinachozimika ni simu ya anayejibu. Nunua betri ya akiba ya simu kabla ya kulipia kurasa za ziada, na amua nani anajibu na saa ngapi. Mteja wa Kolwezi aliyeandika Jumatatu na kujibiwa Alhamisi ameshaagiza kwingine.

WordPress ni ya bure, na tovuti nyingi za hapa zimejengwa nayo, lakini inataka kusasishwa kila mwezi. Hatari kubwa ni muundo (theme) wa kulipia uliopakuliwa bure kwenye tovuti za wizi: ndani yake huwa kuna mlango wa nyuma wa wadukuzi. Dalili ni kwamba ukitafuta jina lako Google, chini yake yanatokea maandishi ya Kijapani au matangazo ya kamari, ingawa ukiifungua tovuti unaiona salama. Kusafisha kunaweza kuwa ghali kuliko kujenga upya. Kwa biashara ya kurasa tatu tunapenda kurasa za kawaida zisizo na hifadhidata. Hazina cha kudukuliwa kirahisi. Cheti cha usalama cha Let's Encrypt ni cha bure na kinadumu siku 90, seva nzuri inakijaza upya yenyewe. Ifungue tovuti yako miezi minne baada ya kuanza uone kama kivinjari kinalalamika. Seva mbovu zinajulikana hapo.

Ukishakuwa na jina, barua za ajabu zitakuja. Moja itadai kampuni ya China inataka kusajili jina lako na ulilipie haraka kulilinda. Nyingine itafanana na fakture. Nyingine itakuahidi nafasi ya kwanza Google. Zifute zote, maana anayeweza kukudai kwa jina ni yule uliyelinunua kwake tu.

Kupima faida hakuhitaji mtambo. Kiungo cha WhatsApp kinaweza kubeba maneno yaliyoandikwa tayari: baada ya namba ongeza ?text= na ujumbe, ili mteja akibonyeza kwenye tovuti itokee "Jambo Papa, nimeona kazi yenu kwenye tovuti, naomba devi". Kiungo cha Facebook kipe maneno mengine, cha ramani mengine. Mazungumzo yenyewe yanakuambia yametoka wapi. Kwa wanaopiga simu au kuingia mlangoni, weka daftari kaunta, na anayepokea amuulize kila mgeni: "Mama, nani alikuelekeza kwetu?" Andika neno moja: ramani, tovuti, rafiki, barabara. Usianze kuhukumu kabla ya miezi sita, kwa sababu tovuti mpya huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kabla Google haijaanza kuileta mbele ya watu.

Mwaka ukiisha, hesabu kwenye daftari. Fundi wa Katuba akikuta milango sita au zaidi iliyotoka kwenye tovuti, alipie mwaka wa pili na aongeze picha mpya. Sasa gharama yake ni dola 75, yaani mlango mmoja. Akikuta miwili, aachane na seva na kurasa, abaki na jina peke yake kwa dola 15, alielekeze kwenye WhatsApp yake, na barua pepe ya jina hilo aiendeleze tu kama anatuma proforma. Tarehe ya kulipia jina aiweke kwenye simu mbili, yake na ya mtu wa nyumbani, mwezi mmoja kabla.